UKURASA WA KISWAHILI ULIOSOMEKA KIZUNGU



Huenda baadhi yenu mkajiuliza makala kuhusu kompyuta yanatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Mlezi wa chama aliniuliza hivyo hivyo nilipompelekea muswada. Nilimwomba asome hadi katikati kwanza, halafu aamue. Nanyi nawaomba subira hiyo hiyo, maana kosa nitakalowaeleza humu si la kompyuta hata kidogo. Ni kosa la lugha, na aliyelifanya ni mimi, ninayejigamba kila siku kwamba Kiswahili ndilo somo langu.

Likizo ya Aprili nilipata nafasi ya kujifunza kazi kwa wiki 3 katika ofisi moja mjini Machakos. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ghorofani, si mbali na kituo cha mabasi. Hapo watu hupigiwa chapa barua zao, hutolewa nakala za vyeti, hupigwa picha za pasipoti, huhaririwa video za harusi na za matanga, na wafanyabiashara wadogo wadogo hutengenezewa tovuti. Mwenye ofisi sote tulimwita Mwalimu, kwa kuwa aliwahi kufundisha kompyuta kabla ya kufungua biashara yake. Wiki ya kwanza sina mengi ya kusimulia. Nilifagia, nikachemsha chai, nikatoa fotokopi mpaka usiku nikaota fotokopi.

Jumatatu ya wiki ya pili Mwalimu aliniketisha mbele ya kompyuta (najua kitabu chetu kinasema tarakilishi, lakini kule ofisini hakuna hata mmoja aliyelitumia neno hilo) akaniambia nifungue ukurasa wowote ninaoupenda. Nikafungua wa mpira. Akasema, "Sasa bonyeza Ctrl na U kwa pamoja."

Rangi zote zikatoweka! Picha za wachezaji zikatoweka. Nikabaki na maandishi matupu, mistari kwa mistari, yenye alama alama katikati. Nilidhani nimeharibu mashine ya watu.

"Hujaharibu kitu," Mwalimu akasema. "Huo ndio ukurasa wenyewe. Zile rangi ulizoziona ni nguo tu."

Wenzangu, jambo hilo peke yake lilinifungua macho. Kumbe ukurasa wa wavuti ni maandishi. Hauna uchawi. Ni maandishi ambayo mtu ameyaandika na kuyatia alama ili kivinjari, yaani ile programu inayotuonyesha kurasa, kijue kipi ni kichwa, ipi ni aya, na picha ikae wapi. Lugha ya alama hizo huitwa HTML. Aliyeianzisha ni Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara kubwa ya utafiti iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwezi wa Machi 1989 aliwaandikia wakubwa wake pendekezo la namna ya kuunganisha hati zilizotawanyika katika kompyuta mbalimbali za wanasayansi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba uvumbuzi huo ni wa watu wote, bila malipo. Kama wangeamua kuutoza ada, sijui kama leo mama muuza mboga angekuwa na ukurasa wake.

Alama zenyewe ni rahisi. Kila kipande cha maandishi hufungwa katikati ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga. Alama ni herufi moja au chache zilizowekwa ndani ya pembe, zile pembe tunazozitumia katika hesabu kuonyesha "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko". Ukitaka aya unaandika herufi p ndani ya pembe, kisha aya yako, kisha p tena lakini safari hii imetanguliwa na mkwaju. Kichwa kikuu ni h1, kichwa kidogo ni h2, na vinashuka hivyo mpaka h6. Picha ni img. Kiungo cha kukuhamisha hadi ukurasa mwingine ni herufi a basi, na hiyo herufi ndogo ndiyo inayofanya mtandao uwe mtandao. Bila viungo, kurasa zingekuwa kama vitabu ambavyo kila kimoja kimefungiwa kabati lake na ufunguo umepotea.

Mimi nililielewa jambo hili upesi kwa ajili ya sarufi. Litazame neno "hasomi". Mzizi wake ni -som-. Mbele yake pana ha- na nyuma yake pana -i. Ukanushi umefunguliwa mbele ukafungwa nyuma, na ukiisahau ile i ya mwisho ukaandika "hasoma", bila shaka utaona kalamu nyekundu. HTML ni vivyo hivyo. Siku hiyo ya kwanza nilisahau kufunga h1 yangu, na ukurasa mzima ukawa wa maandishi makubwa meusi kama tangazo la mnada.

Lakini kuna tofauti moja, na ndiyo iliyonitia matatani baadaye. Mwalimu wa sarufi hukukosoa. Kivinjari hakikukosoi. Ukikosea, chenyewe hukisia ulitaka kusema nini kisha husonga mbele, nawe unaona ukurasa umekaa vizuri na kudhani mambo yote yako sawa.

Kazi niliyokabidhiwa ilikuwa ya kikundi cha akina mama wasukao viondo. Walitaka ukurasa mmoja wenye maelezo yao, picha za viondo 12 na bei zake, ili wateja wa Nairobi na Mombasa wasiwe wakiagiza kwa kubahatisha. Walikuwa wamelipa nusu ya pesa. Nusu nyingine ingetoka siku watakapoukubali ukurasa. Mwalimu alinipa kiolezo, yaani ukurasa ulioandaliwa tayari ambao unabadilisha maneno tu, akaniambia, "Hii ni yako. Mimi nitaangalia mwishoni."

Nilianza na picha. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili linagusa mfuko wa kila mmoja wetu anayenunua bando.

Picha ya simu ni vidoti. Kila kidoti huitwa pikseli. Picha nilizoletewa zilikuwa na pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Zidisha mwenyewe: ni vidoti milioni 12 katika kiondo kimoja! Kila kidoti kina namba 3, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na kila namba huanzia 0 ikaishia 255. Ndiyo maana kidoti kimoja kinaweza kuwa na rangi yoyote kati ya 16,777,216, yaani 256 mara 256 mara 256. Kila namba huchukua baiti 1. Kwa hiyo picha nzima ingekuwa na uzito wa baiti milioni 36 kama isingebanwa. Mbinu ya kubana iitwayo JPEG, iliyokubaliwa mwaka 1992, hutupa vile vitu vidogo ambavyo jicho halivitambui kwa urahisi, na picha zangu zilikuwa zimeshuka hadi kama megabaiti 5 kila moja.

Bado ni nyingi. Viondo 12 kwa megabaiti 5 ni megabaiti 60. Mtu aliyejinunulia bando la megabaiti 50 angelimaliza kabla hajaona kiondo cha mwisho, na angetulaani, si kututumia pesa. Na vidoti vyote hivyo ni vya nini, ilhali kioo cha simu yake hakiwezi hata kuvionyesha? Mwalimu alinifundisha kuzipunguza zifike pikseli 1,200 kwa 900. Hizo ni vidoti 1,080,000, kama moja ya kumi na moja ya vile vya kwanza. Nilipozibana, kila picha ilishuka hadi kama kilobaiti 150, na zote 12 hazikufika megabaiti 2. Nilizilinganisha na zile za kwanza kwenye simu yangu, na sikuona tofauti.

Kosa jingine dogo nilipite haraka. Kwenye kompyuta ya ofisi picha zote zilionekana, lakini tulipozipandisha kwenye seva, yaani ile kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikingoja kuulizwa kurasa, picha 3 zikakataa. Jina la faili lilikuwa na JPG kwa herufi kubwa, nami katika ukurasa nimeandika jpg kwa herufi ndogo. Kompyuta ya ofisi haikujali. Ile seva ilijali. Tangu siku hiyo majina ya faili zangu zote ni ya herufi ndogo na hayana nafasi katikati.

Jumatano jioni nilikuwa nimemaliza. Nilijiona fundi kamili. Ukurasa una rangi ya udongo mwekundu wa Ukambani juu, picha zimejipanga mbili mbili, bei ziko chini yake, na Kiswahili chake nilikisahihisha mara 3, maana hilo nisingekubali linishinde. Alhamisi saa nne katibu wa kikundi akaja kuukagua.

Nilimsikia akipanda ngazi polepole. Nikavuta kiti, nikaigeuza skrini imwelekee vizuri. Alipoingia, amemshika mwenzake bega, ndipo nilipoiona fimbo nyeupe.

"Habari ya asubuhi, Mama," nikasema, na sijui mikono yangu niliiweka wapi.

"Nzuri, mwanangu. Wewe ndiye umetutengenezea?"

"Ni mimi, Mama."

"Haya. Usinisomee, nitasikiza mwenyewe."

Kutoka kwenye kiondo chake alitoa kompyuta ndogo ya mkononi, akaiweka mezani na kuifungua. Humo mlikuwa na NVDA, programu inayosoma kwa sauti kila kilichomo kwenye skrini. Programu hii ilianzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona aitwaye Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, ambaye pia haoni. Wao waliona si haki mtu asiyeona alipie pesa nyingi ili tu aweze kuitumia kompyuta ambayo wenzake wanaitumia bila gharama hiyo, ndiyo sababu hutolewa bure. Mama alijifunza kuitumia chuoni baada ya kupoteza macho akiwa mtu mzima. Sauti aliyoichagua ni ya Kiswahili. Ni sauti kavu ya roboti, lakini ni Kiswahili, na yeye huisikiliza kwa kasi ambayo mimi sikuambulia neno. Vidole vyake vilikimbia kwenye kibodi kuliko vya Mwalimu.

Akaufungua ukurasa wangu. Na hapo sauti ikabadilika. Nilikuwa nimeandika "Karibuni, wanawake wasukaji wa viondo tunawasalimu." Iliyosikika ilikuwa kama Mzungu aliyeshuka ndege jana usiku: "Karibyunai, wanaweiki..." na kuendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Ilipofika kwenye picha ikataja "picha moja", kisha "picha mbili", kisha "picha tatu", nazo kwa lafudhi hiyo hiyo ya ajabu, mpaka zikaisha zote.

Ofisi nzima ikanyamaza. Mteja mmoja aliyengoja fotokopi akacheka.

"Mwanangu," Mama akauliza, "hiki ni Kizungu ama ni Kiswahili?"

"Ni Kiswahili, Mama."

"Sasa mbona hakielewi hata mimi mwenyewe?" Alisema kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko kukaripiwa. "Watu wakituandikia wakiuliza bei, anayewajibu ni mimi. Nitawajibu namna gani juu ya kitu nisichoweza kukisoma? Hapana. Hii bado hatujaichukua."

Maana yake, pesa iliyobaki haitoki. Mwalimu alinitazama, lakini hakusema kitu mbele ya mteja.

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo niliuliza hapo hapo kosa liko wapi. Mwalimu akaniambia, "Angalia mstari wa pili." Mstari wa pili wa ukurasa, ambao nilikuwa sijauangalia hata mara moja kwa kuwa hauonekani kwenye skrini, ulikuwa na maneno haya: lang="en". Hiyo ndiyo ishara inayoiambia kompyuta ukurasa umeandikwa kwa lugha gani. Kiolezo changu kilitengenezwa na mtu aliyeandika Kiingereza, nami nikabadilisha maneno yote na kuiacha ishara. Nilikuwa nimeiambia dunia nzima, bila kujua, kwamba maandishi yangu ni Kiingereza. Programu ya Mama ilifanya kama ilivyoagizwa. Iliweka kando sauti ya Kiswahili, ikachukua ya Kiingereza, ikasoma. Ni mimi niliyedanganya!

Kila lugha ina herufi zake za kutambulishwa, nazo zimeorodheshwa katika mpango wa kimataifa uitwao ISO 639. Kiingereza ni en, Kifaransa ni fr, Kiarabu ni ar. Kijerumani ni de, maana wenyewe hukiita Deutsch. Kisomali ni so, Kikuyu ni ki. Kiswahili ni sw. Nilifuta herufi 2 nikaandika 2, nikahifadhi, nikapandisha faili upya. Mama akabonyeza kitufe kimoja. Ile sauti kavu ya Kiswahili ikarudi na kusema, wazi kabisa, "Karibuni, wanawake wasukaji wa viondo tunawasalimu."

"Ehee," akasema. "Sasa tunaongea."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe hata nusu hatujafika.

"Na hizi picha moja, picha mbili," akaendelea, "ndani yake kuna nini?"

Kila picha kwenye ukurasa ina nafasi ya kuandikiwa maneno, iitwayo alt. Maneno hayo mwenye kuona kwa kawaida hayaoni, ila picha ikikataa kufunguka. Lakini msomaji wa skrini huyasoma mahali pa picha. Mimi nilikuwa nimejaza "picha 1", "picha 2" ili tu nafasi isikae wazi. Nikaketi, nikaandika kwa kiondo cha kwanza: "Kiondo kizuri." Nikamsomea.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Kizuri namna gani? Wewe umeona muuzaji anayesema chake ni kibaya?"

Akamwomba mwenzake kile kiondo chenyewe, akaniwekea mapajani, akaniambia nifumbe macho. Kwa hakika niliona haya, wateja wakinitazama, lakini nikafumba. Akanishika mkono na kuuanzisha chini, kwenye kitako. "Kiondo huanzia hapa, si mdomoni. Ni duara au si duara? Panda sasa. Unasikia pale uzi unapobadilika, umekuwa mnene? Hapo ndipo rangi imeingia. Hesabu imeingia mara ngapi." Nikahesabu mara 3. Akanipitisha kwenye mikanda ya ngozi, akaniuliza ni mirefu ya kuvaa begani au mifupi ya kushika mkononi. Akanieleza kwamba katani ile waliisokota pajani, uzi kwa uzi, na kwamba rangi za viondo vyote 12 anazijua kwa kuwa hupanga nyuzi mwenyewe kabla ya kusuka, akiulizia rangi mara moja tu na kufunga fundo la alama kwenye kila shada.

Nilifumbua macho nikaandika: "Kiondo cha katani, kitako cha duara, mistari 3 ya kahawia imekizunguka, mikanda 2 mirefu ya ngozi ya kuvaa begani." Akasema, "Huyo mtu wa Mombasa sasa anaweza kuninunua bila kuniona, kama mimi ninavyomuuzia bila kumwona."

Wanachama wenzangu, nimeandika insha nyingi za wasifu, na katika nyingi nimejaza "maridadi" na "ya kupendeza" ili kufikisha idadi ya maneno. Asubuhi ile yote ilinitoka. Maelezo ya alt hayataki urefu. Sentensi moja au mbili zinatosha. Hayahitaji kuanza na "picha ya", kwa kuwa programu yenyewe imeshamtajia msikilizaji kwamba hii ni picha. Na picha ambayo ni pambo tu, kama ile michirizi niliyoiweka juu ya ukurasa, huandikiwa alt="" bila neno ndani, nayo programu huiruka. Ilinichukua mpaka saa kumi jioni kumaliza viondo 12, na kwa kila kimoja nilikishika kwanza.

Halafu kulikuwa na picha ya kumi na tatu. Hiyo niliiweka chini kabisa ili ukurasa uchangamke: msichana mdogo amebeba viondo 2, anacheka. Niliandika, "Msichana wa shule amevaa sweta ya kijani, amebeba viondo 2, anatabasamu," nikamsomea Mama kama zile nyingine.

Akanyamaza. Akauliza, "Ni mtoto wa nani?"

Sikujua. Picha ilikuwa miongoni mwa zile tulizoletewa.

"Sweta ya kijani," akasema. "Basi hata shule yake inajulikana. Na mamake amekubali?"

Hakuna aliyejua. Mwalimu ndiye aliyenieleza mambo ya sheria. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo inasema kwamba habari za mtoto, picha yake ikiwemo, hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Si maneno ya kwenye karatasi tu, wenzangu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Niliiondoa ile picha mara moja, nikaifuta na kwenye seva. Nilikuwa nimeitazama kwa siku 3 bila kumwona yule mtoto. Nilimwona nilipolazimika kumweleza kwa maneno.

Hili naliweka hapa kwa makusudi, kwa sababu baadhi yetu tunataka chama chetu kiwe na ukurasa wake na jarida hili liwekwe humo. Mimi naunga mkono. Shule za Kenya zina hata mkia wao wa jina la tovuti, .sc.ke, ambao husimamiwa na KENIC pamoja na majina mengine yote ya .ke. Ila picha za mashindano yetu ya kukariri zimejaa Kidato cha Kwanza wenye sare na majina yao. Nani atawaandikia wazazi barua? Na walimu wakiniruhusu, ningeomba kipindi kimoja katika maabara ya kompyuta ambapo kila mwanachama afungue ukurasa mmoja wa Kiswahili, abonyeze Ctrl na U, atafute neno lang karibu na mwanzo, na aandike ni herufi gani amezikuta.

Nirudi Machakos. Ijumaa Mama alikuja tena kusikiliza. Alisikiliza ukurasa wote kutoka juu hadi chini, kiondo kwa kiondo, akitikisa kichwa. Bei moja niliikosea, akaniambia. Akafika mwisho, mahali nilipoandika shukrani kwa Kikamba, "Nĩ mũvea", nikidhani nitamfurahisha. Ile sauti ya Kiswahili ikalitafuna neno vibaya sana.

Safari hii nilijua la kufanya. Lugha moja ikiingia ndani ya nyingine, unalizungushia lile neno alama na kulipa lang yake. Kikamba ni kam, herufi 3. Nikaandika lang="kam", nikapandisha, Mama akabonyeza. Sauti ikalitafuna neno vile vile. Ishara ilikuwa sahihi, lakini programu yake haikuwa na sauti ya Kikamba ya kubadilishia.

"Kwa hivyo hakijui Kikamba," Mama akasema.

"Hakijui, Mama."

Alifikiri kidogo. "Wewe una simu?"

Nikatoa simu. Tukafunga dirisha ili kelele za makanga zisiingie. Akasafisha koo, akasema yale maneno mawili mwenyewe. Yalichukua sekunde 4, na faili ikawa na kilobaiti 64. Iko chini kabisa ya ukurasa, baada ya kiondo cha kumi na mbili, nayo ina kitufe cha kubonyeza. Mwenzake alihesabu pesa iliyobaki juu ya meza huku Mama akiisikiliza kwa mara ya tatu.